Rout, thrashing, drubbing, whitewash au landslide? Neno lipi la Kiingereza utumie mtu akipigwa vibaya

Hii ni kwa wale mnaoandika ripoti za mechi kwa Kiingereza, mnaotafsiri habari za nje, na hata mwanafunzi anayetaka insha yake isimame vizuri. Kuna kitu nakiona kila wikiendi na kwa kweli kinaniuma. Timu imekula tano, mwandishi anadaka neno la kwanza linalomjia, leo rout, kesho massacre, keshokutwa whitewash, kama vile yote ni kitu kimoja na tofauti ni ukali wa sauti tu. Si kitu kimoja jamani. Sisi wenyewe kwenye Kiswahili tunajua kuchapwa sio kusambaratishwa, ukiniambia timu imechapwa tatu naona matokeo, ukiniambia imesambaratishwa naona mabeki hawajui tena wasimame wapi na kipa anawapigia kelele watu ambao hawamsikii. Kiingereza nacho kina tofauti hizohizo, na nyingine zaidi.

Msimamo wangu nauweka mapema: usianze kwa kuhesabu magoli. Anza kwa kuangalia aliyeshindwa kapatwa na nini. Amevunjika? Amepigwa sana lakini kabaki kwenye mstari wake? Ametoka mikono mitupu mfululizo mzima? Amekataliwa na wapiga kura? Au kajiharibia mwenyewe nyumbani kabla hata ya kufika uwanjani? Kila swali hapo lina neno lake.

Naanza na rout, maana ndo linalotumiwa sana na ndo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, na nyuma yake kuna Kilatini rupta, yaani kilichovunjika. Ni neno la vitani. Jeshi lipo kwenye mistari, mistari inavunjika, amri hazisikiki tena, askari anatupa mzigo na bunduki anakimbia, na akikimbia mmoja wanakimbia mia. Kinachofanya iwe rout ni ule mpangilio kufa. Idadi ya waliouawa ni habari nyingine.

Mfano mzuri kuliko wote uko hapahapa kwetu, Tanga, mwezi Novemba 1914. Waingereza walileta kikosi kutoka India, kama watu 8,000, chini ya Meja Jenerali Aitken, kuja kuwang'oa Wajerumani wa Lettow-Vorbeck ambao walikuwa na askari kama 1,000 tu, wengi wao Waafrika. Kwa hesabu za karatasi ile kazi ilikuwa imeisha kabla haijaanza. Kilichotokea ni kwamba walioshuka melini walichoka na safari, hawakujua eneo, wakaingia kwenye mashamba na vichaka bila kuwa wamepeleleza vya kutosha, wakakutana na risasi za bunduki za rashasha, afu nyuki nao wakachokozwa na ile milio wakawavamia watu, ndo maana mpaka leo Waingereza wanaviita vita vya nyuki. Baadhi ya vikosi vikavunjika kabisa watu wakakimbilia baharini. Wakaondoka na kuacha nyuma bunduki za rashasha, mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni, na silaha hizo Lettow-Vorbeck akawapa askari wake akaendelea nazo na vita. Hapo ukiandika "the British were routed at Tanga" umesema sawasawa. Ukiandika thrashed hujakosea sana, ila umepoteza kile kitu chenyewe, ile mbio ya kurudi kwenye boti.

Sasa hamisha picha hiyo uwanjani. Tarehe 8 Julai 2014, Belo Horizonte, Ujerumani 7 Brazil 1, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Müller kafunga dakika ya 11, sawa, bao moja linarudishwa. Halafu kuanzia dakika ya 23 mpaka ya 29 yakaingia manne, Klose, Kroos mara mbili, Khedira. Brazil ilikuwa haina Neymar aliyeumia mgongo, haina Thiago Silva mwenye adhabu ya kadi, ilikuwa haijafungwa mechi ya mashindano nyumbani tangu 1975, na ndani ya hizo dakika chache kila mtu aliyekuwa anaangalia aliona timu inaacha kuwa timu. Beki Luiz yuko mbele anatafuta bao, beki mwenzake Marcelo hajarudi, katikati hakuna mtu, Wajerumani wanapasiana ndani ya boksi kama wako mazoezini. Hiyo ni rout kwa maana yake yote, na ingekuwa rout hata kama ingeishia 5-0 mapumziko wakaondoka.

Linganisha na Australia 31 Samoa ya Marekani 0, Aprili 2001, kule Coffs Harbour. Ndiyo, thelathini na moja. Archie Thompson peke yake kafunga 13. Magazeti mengi yataiita rout na siwezi kusema kamusi inakataa, lakini mimi mwenyewe nisingeliandika neno hilo. Wale Wasamoa hawakuvunjika, sababu hapakuwa na kitu cha kuvunja toka mwanzo: wachezaji wao karibu wote wa timu ya kwanza walizuiliwa kwa mambo ya paspoti, wakaokota vijana wadogo ambao wengine hawajawahi kucheza dakika 90, na wale vijana walisimama wakacheza mpaka filimbi ya mwisho. Walipigwa, walipigwa sana, lakini hawakukimbia. Ile ni thrashing, tena kubwa kuliko zote za mechi za kimataifa. Kwa hiyo unaona, 7-1 ni rout, 31-0 ni thrashing. Ukilielewa hili hapa umelielewa neno.

Kuna matumizi mengine ya rout ambayo nayapenda kwa sababu yanabeba wakati ndani yake, pale Waingereza wanaposema mechi "turned into a rout". Maana yake ilianza kawaida, afu ikageuka. Chukua dabi ya Kariakoo ya tarehe 5 Novemba 2023. Mpaka mapumziko ni 1-1, Musonda wa Yanga kafunga, Kibu wa Simba karudisha, mtu yeyote aliyetoka kwenda kununua maji wakati ule angeapa kwamba ni mechi ya kugombaniwa mpaka mwisho. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza manne, ikaisha 5-1, na baada ya siku chache Simba wakaachana na kocha wao Robertinho. Hiyo ndo "turned into a rout" kamili. Ile 5-0 ya Simba dhidi ya Yanga ya Mei 2012, au zile sita bila za 1977 ambazo wazee wa Msimbazi hawachoki kuzisimulia, hizo ukitaka kuzitaja kwa Kiingereza ndani ya mstari mmoja wa historia, thrashing au drubbing inatosha, kwa sababu hapo unataja matokeo, husimulii jinsi mtu alivyovunjika. Mashabiki wa pande zote mbili nisameheni, mifano mizuri inatoka kwenu.

Tena rout imehamia hadi kwenye biashara. Ukisoma "market rout" ujue wenye hisa wanauza kwa pamoja kwa woga, kila mtu anaona mwenzake anauza naye anauza. Tarehe 16 Machi 2020, hofu ya korona ilipopamba moto, kipimo cha Dow Jones cha New York kiliporomoka karibu asilimia 13 kwa siku moja tu. Hakuna aliyempiga mwenzake pale, ila mbio zipo, na ndo maana neno limekubali. Huwezi kusema "market thrashing", haiingii.

Thrashing na drubbing sasa. Haya mawili ni ndugu, na mara nyingi unaweza kuchukua lolote bila mtu kukulaumu, lakini yana ladha tofauti kidogo. Thrashing inatokana na kupura nafaka, kupiga masuke kwa fimbo mpaka punje zitoke, kisha likawa neno la kuchapa watoto na wahalifu, na mwisho likaingia kwenye michezo. Ni neno la wazi, la mtaani kidogo, linabeba pengo la magoli. Manchester United 9 Southampton 0, Februari 2021, ambapo Southampton walipata kadi nyekundu dakika ya pili tu wakacheza pungufu karibu mechi nzima, thrashing. Hungary 10 El Salvador 1, Kombe la Dunia 1982, thrashing.

Drubbing ni la kigazeti zaidi, utalisoma kuliko utakavyolisikia, na stori yake ni tamu kwa msemaji wa Kiswahili. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno ya Kiingereza wanaliunganisha na Kiarabu daraba, kupiga, lililofika Ulaya kwenye karne ya 17 kupitia wasafiri waliosimulia adhabu ya kuchapwa viboko kwenye nyayo. Na sisi tuna dharuba, ya mzizi huohuo wa Kiarabu, pigo, au ile dhoruba ya baharini inayopiga chombo. Kwa hiyo ukiandika drubbing unaandika neno ambalo mzizi wake ulitia nanga Lamu na Zanzibar kwa njia yake yenyewe. Kwenye matumizi, drubbing karibu siku zote ni nomino: timu "suffered a drubbing", au imepewa, "were handed a drubbing". Kitenzi drub kipo ila ni adimu, ukikitumia utaonekana unatafuta maneno. Thrash kinyume chake, kitenzi chake kiko hai sana, "they thrashed them 5-0", hakuna atakayestuka.

Hapohapo kuna kundi la trounce, hammer, thump, wallop, maul, demolish. Haya sitayachambua moja moja, yote ni kipigo, yanasaidia usirudie neno lilelile mara nne kwenye aya moja. Trounce ndo lenye heshima kidogo, unaweza kuliweka kwenye gazeti la uchumi. Wallop ni la kijiweni.

Sasa nakuja kwenye lile linalonikera, massacre, na wenzake slaughter na annihilation. Najua vichwa vya habari vinauza. Najua hata Ulaya wanaandika hivyohivyo. Ila mimi naona mwandishi wa kwetu ana sababu ya ziada ya kuyaacha. Sharpeville, Machi 1960, polisi wa Afrika Kusini walipiga risasi waandamanaji wakaua watu 69, ile inaitwa massacre. Majirani zetu Rwanda na Burundi na mashariki ya Kongo wanajua neno lile linabeba nini, na wengi wao wanasoma habari zako za mpira kwenye simu hiyohiyo wanayosomea habari za nyumbani kwao. Mpira umeisha, waliofungwa wamepanda basi wamerudi kula. Wewe unaandika massacre ili iweje?

Annihilation ina maana finyu zaidi na inafaa kujua kwa ajili ya historia. Ndani yake kuna nihil, Kilatini cha hakuna kitu, yaani kufanywa kuwa si kitu. Hapa ndo tofauti na rout inakaa wazi kabisa. Lugalo karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wa Zelewski wakiwa kwenye msafara mrefu, wakawarukia kwa mikuki kabla wengi hawajawahi hata kujaza bunduki, kamanda mwenyewe akauawa na kikosi karibu chote kikaisha pale njiani. Tanga wale walikimbia wakapanda meli wakaishi kusimulia. Lugalo walibaki wachache mno wa kusimulia. Kwa hiyo Tanga ni rout, Lugalo ni annihilation, na mwanafunzi wa historia akichanganya hayo mawili kwenye karatasi ya mtihani anakuwa amebadilisha tukio lenyewe.

Whitewash ni neno la kuwa nalo makini kwelikweli. Ni chokaa, ile ya kupaka ukuta. Kwenye michezo, hasa kwa Waingereza, maana yake ni kupoteza mechi zote za mfululizo, hujapata hata moja. Kriketi ndo nyumbani kwake. Mwaka 1984 West Indies ya Clive Lloyd ilikwenda Uingereza ikashinda mechi zote tano za Test, zile za kriketi zinazochezwa siku kadhaa, 5-0, na mashabiki wa Karibiani waliokuwa London wakaligeuza neno wakaandika "blackwash" kwenye mabango, jambo ambalo hadi leo linakumbukwa kama fahari. Australia nao waliipiga Uingereza 5-0 kwenye Ashes, ule mfululizo wa kriketi wa nchi hizo mbili, za 2006 hadi 2007, na tena 2013 hadi 2014. Sasa angalia kosa linalotokea huku: timu imefungwa 5-0 kwenye mechi moja ya mpira, mwandishi anaandika "5-0 whitewash". Wengine wanalikubali kwa sababu aliyefungwa hajapata bao, lakini msomaji wa kriketi au raga anaelewa mechi tano. Mimi ningelihifadhi kwa mfululizo. Mtu kapoteza mechi zote sita za kundi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, haya, mpe whitewash yake.

Na kuna mtego mkubwa zaidi, nje ya michezo neno hilohilo ni kuficha uovu, kupaka chokaa juu ya ukuta uliooza. Ukiandika "the election was a whitewash" msomaji, hasa wa Marekani, atafikiri unasema kuna madhambi yamefunikwa. Ni tuhuma hiyo. Kwenye siasa usiliguse kabisa kama unachotaka kusema ni kwamba mtu kashinda sana.

Kwenye siasa chukua landslide. Maporomoko ya ardhi, mlima unashuka. Sisi tunasema ushindi wa kishindo. Kenya, Desemba 2002, Kibaki wa NARC kapata kura kama asilimia 62, Uhuru Kenyatta wa KANU kama 31, na KANU ilikuwa madarakani tangu uhuru wa 1963. Hiyo ni landslide kwa kila kipimo. Tanzania 2005, Kikwete zaidi ya asilimia 80, landslide. Ila ujue kwamba Waingereza wanahesabu viti bungeni kuliko kura: Mei 1997 Labour ya Tony Blair ilipata viti 418 kati ya 659, wote wakaiita landslide, na kura zake zilikuwa kama asilimia 43 tu. Marekani nako wanahesabu majimbo, 1984 Reagan alichukua 49 kati ya 50, Mondale akabaki na Minnesota kwao na mji wa Washington. Kwa hiyo kabla hujaandika landslide angalia kwanza nchi ile wanapima nini, maana mtu anaweza kukuuliza asilimia 43 ni kishindo gani.

Kitu kingine, landslide inakaa upande wa mshindi. "Won by a landslide" ndo usemi wa kila siku. Ukitaka kusimama upande wa aliyeanguka, rout inarudi tena na inafaa sana, chama "was routed", au utumie wipeout kama kimefutika. Mfano wa wipeout ambao sijaona unaoufikia ni Kanada, Oktoba 1993. Progressive Conservative walikuwa chama tawala, chenye wingi wa viti bungeni, wakaenda kwenye uchaguzi wakarudi na viti viwili. Viwili! Waziri mkuu Kim Campbell mwenyewe kapoteza kiti chake. Landslide haitoshi hapo, inakuambia tu kwamba Liberal wameshinda, haikuambii kwamba hawa wengine wamefutwa kwenye ramani.

Wamarekani wana vyao pia. Mwaka 2006 chama cha Bush kilipopoteza bunge, kesho yake akasimama mbele ya waandishi akaliita tukio lile "thumping". Miaka minne baadaye, 2010, Democrat wakapoteza viti 63 vya Baraza la Wawakilishi, Obama naye akasimama akasema wamepata "shellacking". Shellac ni ile vanishi ya kung'arishia mbao inayotokana na utomvu wa wadudu, na shellacking ni kipigo kwa Kimarekani cha mazungumzo. Ukiwa unaandika kwa msomaji wa Nairobi au Dar mwenye Kiingereza cha darasani, kile cha Uingereza, hilo neno litamkwamisha. Liache liwe kwenye nukuu tu.

Debacle nalipa nafasi yake kwa sababu ndo neno la haki kuliko yote, na halitumiwi pale linapostahili. Ni Kifaransa, barafu ya mtoni kupasuka na kusombwa na maji. Maana yake ni fujo lote zima, mambo kuharibika kuanzia ndani, na kushindwa uwanjani ni matokeo tu. Zaire, Kombe la Dunia 1974 Ujerumani Magharibi. Timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika pale, mabingwa wa Afrika mwaka uleule. Mechi ya kwanza wanafungwa na Scotland 2-0, matokeo ya heshima kabisa. Afu wachezaji wanagundua hela za posho walizoahidiwa hazipo, wanataka kugoma, wanabembelezwa wacheze. Wanaingia dhidi ya Yugoslavia, kocha wao Vidinić ni Myugoslavia pia, tatu zinaingia ndani ya kama dakika 20, kipa Kazadi anatolewa nje, Ndaye Mulamba, mfungaji bora wa Afrika mwaka ule, anapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, inaisha 9-0. Nusu karne sasa watu wanawacheka wale wachezaji. Ukiandika "Zaire were thrashed 9-0" ni kweli, ila umewabebesha wachezaji mzigo wote. Ukiandika "the Zaire debacle" umemfungulia msomaji mlango aulize nani alikula zile hela, na kwa nini vijana waliotoka kufungwa mbili tu na Scotland wameruhusu tisa siku nne baadaye. Kwa maoni yangu Wakongo wanastahili neno hilo la pili.

Kuna matatu ya kuyatenganisha haraka kabla sijafika mwisho. Walkover huku kwetu tunajua ni pointi za mezani, mpinzani hakutokea, na kwenye kanuni za michezo ndo maana hiyohiyo, ingawa kwenye mazungumzo Waingereza wanalitumia pia kwa ushindi rahisi, kwa hiyo kama mechi ilichezwa andika kitu kingine usiwachanganye watu. Upset ni mdogo kumfunga mkubwa, Senegal 1 Ufaransa 0 mwaka 2002, hapo hakuna kipigo kikubwa, kuna mshangao. Yanaweza kukutana, Zambia ya Kalusha Bwalya ilipoifunga Italia 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 ilikuwa upset na thrashing kwa pamoja, na mimi ningeyaandika yote mawili bila kuona aibu.

La tatu ni Waterloo, ambalo magazeti yetu ya Kiingereza yanalipenda kupita kiasi, kila timu iliyofungwa "met their Waterloo". Napoleon alishindwa pale tarehe 18 Juni 1815 na hakuinuka tena, akaishia kisiwani Saint Helena mpaka kufa. Na vita vyenyewe vilikuwa vya kubanana mpaka jioni Waprusia walipofika, Wellington mwenyewe alikiri ilikuwa karibu sana. Kwa hiyo neno hilo linazungumzia mwisho wa mtu aliyekuwa anashinda siku zote, pengo la magoli halimo. Bingwa wa ndondi ambaye hajawahi kupigwa, kapigwa kwa pointi chache akastaafu, huyo kakutana na Waterloo yake. Timu ya katikati ya msimamo iliyofungwa tano Jumamosi na inacheza tena Jumatano, hapana.

Na kama taarifa yako unaisoma redioni, angalia matamshi na tahajia, maana hapa ndo watu wengi wanaanguka. Rout inatamkwa "raut", inafanana na out. Route, njia, ina e mwishoni na Waingereza wanaitamka "ruut". Shida ni kwamba Wamarekani wengi route nayo wanaitamka "raut", kwa hiyo kwa sikio peke yake huwezi kutofautisha, mpaka usikilize sentensi. Kwenye kuandika hakuna kisingizio: "Yanga route Simba" inasoma kana kwamba Yanga wamewaelekeza Simba njia ya kwenda Jangwani. Wakati uliopita wa yote mawili unaandikwa routed, sawasawa kabisa, kwa hiyo sentensi kama "the fans were routed through the main gate" inaweza kuleta taharuki bure kwa mtafsiri mwenye haraka, akaandika kwamba mashabiki wametimuliwa wakati wamepitishwa tu geti kubwa. Ukikutana na routed tazama kinachofuata, ikija via au through ni njia hiyo, ikija by na jina la mpinzani ni kipigo.